Barafu ya Ncha za Dunia na Maji ya Kibirizi: Nini Kinajaza Nini?

Mwalo wa Kibirizi, pembeni mwa mji wa Kigoma, una alama ambazo mtu hahitaji chombo cha kupimia ili azisome. Kuna kuta zilizobaki na mstari wa tope, kuna misingi ya vibanda ambayo maji yaliimeza, na kuna wafanyabiashara wanaoweza kukuonyesha kwa kidole mahali walipokuwa wakianika dagaa kabla ziwa halijaanza kupanda mwishoni mwa mwaka 2019, mahali ambapo baadaye boti zilikuwa zikifungwa kamba. Maelezo kuhusu chanzo cha maji hayo ni mengi, lakini moja hurudi mara kwa mara, na mama mmoja muuza migebuka alinipa kwa uhakika kabisa huku akiwapanga samaki wake juu ya barafu iliyopondwa: "Mwalimu, si ile barafu ya kwenye ncha za dunia? Redioni wanasema inayeyuka. Sasa maji yake yataenda wapi kama si huku?"

Swali lake ni zuri kuliko jibu alilokuwa nalo, na ndilo nitakalolifuata katika makala haya. Barafu ya ncha za dunia inayeyuka kweli, na itaendelea kuyeyuka katika karne hii na zinazofuata. Maji yake, hata hivyo, hayaji Kibirizi. Kinachokuja Kibirizi kutoka huko hupita njia nyingine, ambazo watu hawazisemi sana kwa sababu hazionekani kwa macho kama ukuta uliolowa.

Tuanze na kimo. Uso wa Ziwa Tanganyika uko takriban mita 773 juu ya usawa wa bahari. Barafu yote iliyopo duniani, ya ncha zote mbili pamoja na ile ya milimani, ikiyeyuka yote isibaki hata ya kupoza soda, bahari itapanda kwa mita zisizozidi 70 hivi. Dar es Salaam, Tanga na sehemu kubwa ya Unguja zitakuwa zimefunikwa, lakini mtu aliyesimama Kibirizi atakuwa bado yuko takriban mita 700 juu ya mawimbi. Mto pekee unaotoka katika ziwa hili ni Lukuga, ambao huanzia upande wa Kongo karibu na Kalemie, ukaingia Lualaba, na hatimaye maji yake hufika Atlantiki kupitia Mto Kongo. Huo ni mlango wa kutokea tu. Bahari haiwezi kuupanda.

Wapo wanaojibu kwamba ziwa letu lina kina cha mita 1,470 katika sehemu yake ya chini kabisa, kwa hiyo sakafu yake iko mita 700 hivi chini ya usawa wa bahari, na lazima kuna mkondo wa siri unaoviunganisha viwili hivyo. Hesabu yao ya kina ni sahihi, na nakiri kwamba inavutia. Lakini kina hicho kimetokana na Bonde la Ufa, ambako ardhi imepasuka na kudidimia kwa mamilioni ya miaka. Kama pangekuwapo tundu kati ya ziwa na bahari, maji yangekimbia kutoka juu kwenda chini, yaani kutoka ziwani kwenda baharini, na sisi tungelalamika kwamba ziwa limekauka.

Kilicholijaza ziwa ni mvua. Katika miezi ya mwisho ya mwaka 2019 upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, ulio jirani na Afrika Mashariki, ulikuwa na joto kupita kawaida huku upande wa Indonesia ukiwa umepoa, na tofauti hiyo ilikuwa miongoni mwa kubwa zaidi zilizowahi kupimwa. Hali ya namna hiyo huielekezea Afrika Mashariki mawingu mazito. Mvua ziliponyesha mfululizo, Malagarasi, Ruzizi na vijito vyote vinavyoteremka milimani vilileta maji kuliko kawaida, na ziwa likapanda hadi kukaribia kiwango ambacho wazee walikiona mara ya mwisho mwaka 1964. Ziwa Tanganyika ni mfano wa beseni pana lenye tundu dogo: sehemu kubwa mno ya maji yake huondoka kwa kugeuka mvuke, na Lukuga hupitisha sehemu ndogo tu. Kwa hiyo misimu michache ya mvua nyingi inatosha kulipandisha, na kushuka kwake huchukua miaka. Anayetaka ushahidi wa zamani aende Ujiji, kwenye mnara wa ukumbusho wa Stanley na Livingstone waliokutana hapo mwaka 1871. Leo ufuko uko mbali na mnara huo, ingawa wakati ule maji yalikuwa karibu zaidi. Ziwa liliendelea kupanda hadi mwaka 1878, likauvunja mzibo wa tope na majani uliokuwa umeuziba Mto Lukuga, na katika miaka iliyofuata likashuka kwa takriban mita 10. Ncha za dunia hazikuhusika.

Sasa twende kwenye barafu yenyewe, na hapa mama wa migebuka alinisaidia bila kukusudia. Nilimwomba vipande viwili vya barafu vinavyolingana na ndoo mbili ndogo. Ndoo ya kwanza tuliijaza maji, tukakiweka kipande kielee humo, kisha tukaongeza maji mpaka ukingoni kabisa. Katika ndoo ya pili tuliweka jiwe lililochomoza juu ya maji, tukajaza maji mpaka ukingoni, halafu tukakiweka kipande cha pili juu ya jiwe. Jua la Kigoma halina haja ya kuombwa. Barafu ilipokwisha, ndoo ya kwanza ilikuwa vilevile, haikumwaga hata tone, na ya pili ilikuwa imelowesha mchanga pande zote. Kitu kinachoelea kimekwisha kusukuma maji yanayolingana na uzito wake, kwa hiyo kikiyeyuka hakiongezi chochote. Kilichokuwa nchi kavu ndicho kinacholeta maji mapya.

Ndoo hizo mbili ndizo ncha mbili za dunia, ingawa si kwa usawa. Katika ncha ya kaskazini hakuna ardhi, kuna bahari iliyogandia juu, na barafu yake huelea. Eneo lake hupungua kila mwaka hadi kufikia kiwango cha chini mwezi Septemba, na Septemba ya mwaka 2012 lilibaki takriban kilomita za mraba milioni 3.4, kiwango cha chini kuliko vyote tangu satelaiti zianze kulipima. Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi linatarajia kwamba kabla ya mwaka 2050 itapatikana angalau Septemba moja ambayo bahari hiyo itakuwa karibu wazi kabisa. Picha za dubu mweupe aliyesimama kwenye kipande cha barafu hutoka huko, na zimewapotosha wengi, kwa sababu barafu ile ikiisha yote bahari haitapanda kwa kiasi cha kutambulika.

Hata hivyo, kutopandisha bahari hakuifanyi kuwa jambo dogo. Mtu anayetazama mji kutoka mlimani hulazimika kufumba macho anapokutana na nyumba yenye bati jipya, wakati bati lililopata kutu hulitazama bila taabu. Barafu ni bati jipya la dunia, na bahari iliyo wazi ni bati kuukuu linalomeza jua. Kila eneo linalofunuka hupokea joto zaidi, joto hilo huyeyusha eneo la jirani, na mzunguko huendelea. Hii ni miongoni mwa sababu zinazoifanya Aktiki ipate joto kwa kasi inayokaribia mara nne ya wastani wa dunia tangu mwaka 1979.

Barafu ya kwenye jiwe ni ile ya Greenland na Antaktika. Hizi ni ngao za barafu zilizojengwa na theluji iliyoshindiliana kwa makumi na mamia ya maelfu ya miaka, zenye unene wa kilomita na zaidi. Katika baadhi ya sehemu za Antaktika unene unapita kilomita 4. Greenland ikiyeyuka yote bahari itapanda kwa takriban mita 7.4, na Antaktika yote itaongeza takriban mita 58. Tarakimu kama hizi hupita sikioni bila kuacha alama, kwa hiyo nimezipima kwa kipimo tunachokiona kila siku. Ziwa Tanganyika lina maji takriban kilomita za ujazo 18,900. Ukilimimina lote baharini, ukalikausha kabisa kuanzia Burundi hadi Zambia, bahari za dunia zitapanda kwa sentimita 5 tu na ushei. Greenland peke yake, basi, ni Maziwa Tanganyika takriban 140, na Antaktika ni zaidi ya 1,000. Katika miaka ya karibuni Greenland imekuwa ikipoteza wastani wa tani bilioni 270 hivi za barafu kwa mwaka, maana yake kwa mwendo huohuo humwaga Ziwa Tanganyika zima baharini kila baada ya miaka 70.

Huenda msomaji akauliza nani aliyeipima. Mwaka 2002 zilirushwa satelaiti mbili zilizokuwa zikifuatana angani kwa umbali wa takriban kilomita 220. Ile ya mbele inapokaribia sehemu yenye uzito mkubwa, kama mlima au ngao ya barafu, huvutwa kidogo na kumwacha mwenzake nyuma, kisha mwenzake naye huvutwa akamfikia. Mabadiliko ya umbali kati yao, madogo kuliko unene wa unywele, huonyesha uzito wa kilicho chini. Mwaka baada ya mwaka Greenland imeonekana kupungua uzito. Ni mizani, na mizani haina maneno mengi.

Ugumu halisi uko kwenye swali la baadaye: itayeyuka kwa kasi gani? Hapa wataalamu hutofautiana, na sababu ya kutofautiana kwao inaeleweka ukijua kwamba ngao hizi mbili hufa kwa maradhi tofauti.

Greenland huliwa zaidi kutoka juu. Abiria anayetoka Kigoma mjini asubuhi akiwa na fulana nyepesi akifika Kasulu au Manyovu jioni hutafuta sweta, kwa sababu hewa ya juu ni ya baridi. Kilele cha ngao ya Greenland kipo zaidi ya mita 3,000 juu ya bahari na kimejilinda kwa kimo chake. Inavyoyeyuka hupungua kimo, uso wake huteremka kwenye hewa ya vuguvugu zaidi, na kuyeyuka huongezeka. Ni kama mtu anayeteremshwa polepole kutoka Kasulu kuja ziwani, naye hana sweta la kuvua. Kuna kiwango cha joto ambacho kikipitwa na kudumu, mteremko huo haurudi nyuma hata hewa ikiacha kuongeza joto.

Antaktika huliwa zaidi kutoka chini. Sehemu yake ya magharibi imekaa juu ya mwamba ulio chini ya usawa wa bahari, na mwamba huo huzidi kuteremka kadiri unavyoingia bara, kama bakuli. Pembezoni barafu hujitokeza baharini na kuwa kama ulimi mpana unaoelea. Kwa kanuni ya ndoo ya kwanza, ulimi huo ukivunjika haupandishi bahari, lakini kazi yake ni ile ya jiwe linalowekwa nyuma ya gurudumu la lori lililoegeshwa kwenye mteremko. Mwaka 2002 ulimi unaoitwa Larsen B, wenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 3,000, ulisambaratika ndani ya takriban mwezi mmoja, na barafuto zilizokuwa nyuma yake, yaani mito ya barafu inayotambaa kutoka bara, zikaongeza mwendo mara kadhaa. Macho ya watafiti sasa yako kwenye barafuto ya Thwaites, yenye upana wa takriban kilomita 120, ambayo maji ya vuguvugu kutoka kilindini yanaitafuna chini kwa chini. Mpaka wake na mwamba ukirudi nyuma hukutana na sehemu yenye kina kirefu zaidi, ambako barafu ni nene na hutiririka kwa wingi zaidi. Thwaites peke yake ina maji ya kuipandisha bahari kwa takriban sentimita 65. Kama itaporomoka kwa miongo au kwa karne, hapo ndipo makadirio yote yanapotengana.

Makadirio yenyewe ni haya. Kati ya mwaka 1901 na 2018 bahari ilipanda kwa takriban sentimita 20, na mwendo wake umeongezeka hadi milimita 3.7 kwa mwaka katika kipindi cha 2006 hadi 2018. Si yote yanayotoka kwenye barafu: takriban nusu ya kupanda kwa bahari tangu mwaka 1971 imetokana na maji kutanuka kwa joto, kama chupa ya mawese iliyojazwa hadi shingoni asubuhi ya baridi ikaachwa juani. Kufikia mwaka 2100, gesi joto zikipunguzwa haraka sana, bahari itakuwa imepanda kwa sentimita 28 hadi 55 juu ya wastani wa miaka ya 1995 hadi 2014. Zikiachwa ziongezeke sana, itakuwa sentimita 63 hadi 101. Jopo lenyewe linaongeza kwamba kukaribia mita 2 hakuwezi kufutwa kabisa, kwa sababu ya hayo niliyoyaeleza kuhusu Antaktika. Mimi nina ugomvi mdogo na mazoea ya kuutaja mwaka 2100 kana kwamba bahari itafika hapo ipige breki. Joto likidumu kati ya nyuzi 2 na 3 juu ya lile la kabla ya viwanda, ngao ya Greenland na ya Antaktika Magharibi zinatarajiwa kupotea karibu zote katika maelfu ya miaka ijayo, na mwanzo wa safari hiyo unaamuliwa na watu waliopo sasa.

Kuna jambo moja ambalo hata wasomi wa pwani hushangaa kulisikia. Maji ya Greenland hayatasambaa sawasawa. Ngao ya barafu ni nzito kiasi cha kuivuta bahari iliyo karibu nayo, ikawa imeinuka kuizunguka. Ikipungua, mvuto huo hulegea na maji hukimbilia mbali. Kwa hiyo Greenland inapoyeyuka, bahari ya jirani yake hushuka, na mzigo huangukia nchi za tropiki na za kusini. Zanzibar, Pangani na delta ya Rufiji zitapokea zaidi ya wastani wa dunia kutokana na barafu ambayo wenyeji wake hawajawahi kuiona. Kigoma haina pwani ya bahari, lakini ndiyo mwisho wa Reli ya Kati, na shehena nyingi zinazoshushwa hapa au kuvushwa kwenda Burundi na Kongo huanzia kwenye gati za bandari ya Dar es Salaam, ambazo zimejengwa kwa kimo cha bahari ya jana. Hiyo ndiyo njia ya kwanza.

Njia ya pili ni ya mvua, na ushahidi wake umelala kwenye sakafu ya ziwa letu. Watafiti wamezamisha mabomba marefu kwenye tope la Ziwa Tanganyika na kutoa nguzo za matope yenye kumbukumbu ya miaka 60,000. Tope hilo linaonyesha vipindi vya ukame mkali vilivyotokea wakati uleule ambapo barafu nyingi ya kaskazini ilimwagika katika Atlantiki. Maji baridi yasiyo na chumvi yakimwagwa kwa wingi huko huudhoofisha mkondo mkubwa unaosafirisha joto la bahari kuelekea kaskazini, na mikanda ya mvua ya tropiki huhama. Miaka takriban 17,000 iliyopita, katika kipindi kimoja cha namna hiyo, hata Ziwa Victoria lilikauka. Kwa karne hii, kinachotarajiwa ni mkondo huo kupungua nguvu. Kuporomoka kwake kwa ghafla kabla ya mwaka 2100 hakudhaniwi, ingawa hakujaondolewa mezani. Kwa hiyo barafu ya ncha ya dunia ikiwa na neno la kuiambia Kigoma, yaelekea litakuwa kinyume cha alilodhani mama wa migebuka: historia inaonyesha ukame, si mafuriko.

Njia ya tatu si njia hasa, ni undugu. Joto linaloyeyusha barafu ndilo linalolipasha ziwa, na tope hilohilo limeonyesha kwamba joto la uso wa ziwa mwishoni mwa karne ya 20 lilikuwa kubwa kuliko wakati wowote katika miaka 1,500. Wavuvi wanajua kwamba upepo wa kusi wa kiangazi hulivuruga ziwa na kwamba baada yake dagaa huonekana. Upepo huo huchanganya maji na kupandisha rutuba kutoka chini, ambayo hulisha vijimea vidogo, navyo hulisha viumbe wanaoliwa na dagaa. Maji ya juu yakizidi joto huwa mepesi, hukaa juu ya maji ya chini kama mafuta juu ya mchuzi, na upepo ulioweza kuyachanganya jana leo hushindwa. Uvuvi wa kupita kiasi nao una sehemu yake kubwa katika upungufu wa samaki, na ndiyo maana Serikali ililifunga ziwa kwa miezi mitatu kuanzia Mei 15 mwaka 2024, lakini ziwa likifungwa huzuiliwa nyavu, halipozwi maji.

Nilipomweleza mama yule haya yote kwa ufupi, aliuliza swali moja tu: maji ya Kibirizi yatashuka au hayatashuka? Yatashuka, nilimwambia, mvua zikirudi kwenye kawaida yake, kama yalivyoshuka baada ya 1878 na baada ya 1964, kwa kuwa jua litayanywa na Lukuga iko wazi. Akauliza, na ya baharini? Bahari haina Lukuga. Maji yaliyokwisha kuingia humo yakitoka kwenye ngao za barafu hurudi kwa njia moja, yaani kupaa kama mvuke na kwenda kuanguka kama theluji, na katikati ya Antaktika theluji inayoanguka kwa mwaka mzima, ukiiyeyusha, hutoa maji ya sentimita chache tu. Akaitazama ndoo ya pili, akaimwaga, akasema barafu ya leo imempunguzia faida.